Maswali na Majibu ya Wasomaji: Kitendo Kinachojirudia Mshale wa Kipanya Ukiwa Juu ya Kitufe

Swali la kwanza

Shikamoo Mwalimu. Ninatengeneza tovuti ya duka la vitenge lililoko Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Katika ukurasa wa mwanzo nimeweka ukanda wa picha za vitenge zilizopangwa kwa mlalo, na pembeni mwake kuna kitufe chenye alama ya pembetatu na neno "Zaidi". Mwenye duka anataka mteja akiweka mshale wa kipanya juu ya kitufe hicho, hata bila kubofya, picha ziendelee kusogea mpaka atakapouondoa. Nimetumia tukio la `mouseover` kuanzisha kipima muda cha `setInterval` cha kila milisekunde 40, na `mouseleave` kukisimamisha kwa `clearInterval`. Mwanzoni huenda vizuri, lakini punde picha huanza kukimbia kwa kasi inayozidi kuongezeka, na hata nikiondoa mshale hazisimami mpaka nifungue ukurasa upya. Kwenye simu hali ni mbaya zaidi, kwani nikigusa kitufe mara moja tu picha huenda bila kukoma. Naomba unisaidie.

Msomaji wa Sinza, Dar es Salaam

Jibu

Marahaba, ndugu msomaji. Kabla ya kugusa msimbo wako, tuangalie kwanza jinsi kivinjari kinavyotoa taarifa, kwa sababu tatizo lako limeanzia hapo. Hakuna tukio lolote linalosema kwamba mshale bado upo juu ya kitufe. Kivinjari hutangaza mshale unapoingia, unapotoka, na unaposogea. Ukitulia juu ya kitufe, nacho hunyamaza. Hufanya kazi kama mlinzi wa geti anayeandika daftarini saa ya mgeni kuingia na saa ya kutoka, lakini haji kukuarifu kila dakika kwamba mgeni yumo ndani. Kwa hiyo kurudia ni jukumu lako mwenyewe: mshale unapoingia unawasha kipima muda, na unapotoka unakizima. Kuwasha kunamshinda mtu kwa nadra sana. Ufundi wote wa jambo hili, kwa maoni yangu, umo katika kuzima, na maswali mengi ya aina hii, likiwemo lako, ni maswali ya kuzima hata kama yameandikwa kana kwamba ni ya kuwasha.

Sasa tazama jozi ya matukio uliyochagua. Tukio la `mouseover` hutokea mshale unapoingia kwenye elementi (sehemu ya ukurasa) uliyoitaja, na pia unapoingia kwenye kitu chochote kilichomo ndani yake, kwa sababu tukio linalotokea kwa mtoto hupanda hadi kwa mzazi. Kitufe chako kina watoto wawili, yaani alama ya pembetatu na neno "Zaidi". Mteja akiuingiza mshale kupitia ukingo wa kitufe, akapita juu ya pembetatu, akavuka nafasi iliyo katikati, akapita juu ya neno, kisha akarudi ukingoni na kutoka, `mouseover` imetokea mara tano. Kila mara msimbo wako umewasha kipima muda kipya. Lakini `mouseleave` yenyewe haijali watoto. Hutokea mara moja tu, mshale unapoondoka kabisa katika eneo la kitufe. Vimewashwa vitano na kimezimwa kimoja, na vinne vilivyobaki vinaendelea kusogeza picha. Hiyo ndiyo kasi unayoiona ikiongezeka.

Huenda ukajiuliza kwa nini hicho kimoja kinazimwa na vingine havizimiki. Kila unapoita `setInterval`, kivinjari hukurudishia namba inayokitambulisha kipima muda hicho, na `clearInterval` huihitaji namba hiyo hiyo. Wewe unaihifadhi chini ya jina moja, kwa hiyo namba ya pili hufuta ya kwanza, na ya tatu hufuta ya pili. Kipima muda ambacho namba yake imefutwa bado kinafanya kazi, ila huna tena njia ya kukifikia, ndiyo sababu inakubidi ufungue ukurasa upya.

Wako watakaokushauri ubadilishe `mouseleave` iwe `mouseout`, ili jozi ilingane. Ushauri huo utaondoa mrundikano, kwa sababu `mouseout` nayo hutokea kila mshale unapohama kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, lakini sikushauri uufuate. Kipima muda kitakuwa kinazimwa na kuwashwa upya kila mshale unapovuka mpaka wa pembetatu au wa neno. Kwa milisekunde 40 huenda usione tofauti. Kwa kitendo kinachopaswa kurudiwa kila sekunde mbili, mteja anayechezesha kipanya kidogo tu anaweza kukaa juu ya kitufe muda mrefu bila kitendo hicho kutokea, kwa sababu hesabu inaanza upya kila mara. Jozi sahihi ni `mouseenter` na `mouseleave`, ambazo zilianzia katika Internet Explorer ya Microsoft na baadaye zikaingizwa katika viwango vinavyofuatwa na vivinjari vyote vya leo. Kama unatumia jQuery, maktaba ya msimbo iliyotolewa mwaka 2006, funksheni yake ya `hover` hutumia jozi hiyo hiyo.

Hivi ndivyo ningeuandika msimbo wako:

```
const kitufe = document.querySelector("#zaidi");
const ukanda = document.querySelector("#picha");
let kipima = null;

function songa() {
  ukanda.scrollLeft += 4;
  const upeo = ukanda.scrollWidth - ukanda.clientWidth;
  if (ukanda.scrollLeft >= upeo - 1) simama();
}

function anza() {
  if (kipima !== null) return;
  kipima = setInterval(songa, 40);
}

function simama() {
  clearInterval(kipima);
  kipima = null;
}

kitufe.addEventListener("mouseenter", anza);
kitufe.addEventListener("mouseleave", simama);
```

Mstari ninaokuomba uutunze kuliko yote ni ule wa kwanza ndani ya `anza`. Unasema kwamba kama kipima muda kimeshawashwa, kisiwashwe kingine. Kwa kuwa umeshahamia `mouseenter`, mtu anaweza kusema mstari huo hauna kazi tena. Lakini kesho mwenzako ataongeza njia nyingine ya kuita `anza`, na mrundikano utarudi. Mstari wa mwisho ndani ya `simama` ni mwenzi wake: usipoirudisha `kipima` kuwa `null`, yaani tupu, kitufe kitafanya kazi mara ya kwanza tu. Ndani ya `songa` nimetoa 1 kwenye upeo kwa makusudi, kwa sababu `scrollLeft` inaweza kuwa na sehemu ya desimali na isifikie kabisa namba nzima unayoitarajia. Hakikisha pia kwamba katika CSS, yaani lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa, hukuuwekea ukanda huo `scroll-behavior: smooth`, maana kivinjari kitajaribu kulainisha kila hatua ya pikseli 4, na hatua inayofuata itaingia kabla ile ya kwanza haijakamilika.

Yapo mazingira ambamo mshale huondoka na `simama` isiitwe, na hapa ndipo waandishi wa msimbo wengi wazuri hunaswa. La kwanza ni pale kitufe chenyewe kinapoondolewa kwenye ukurasa wakati mshale ungali juu yake. Hupaswi kutegemea kwamba `mouseleave` itatokea, kwa kuwa aliyekuwa apokee taarifa hayupo tena. La pili linafanana nalo: ukanda unapofika mwisho, wengi hukizuia kitufe kwa `disabled`, na vitufe vilivyozuiwa kwa namna hiyo vina historia ndefu ya kutopokea matukio ya kipanya. Katika hali zote mbili, ita `simama` mwenyewe kabla ya kukiondoa au kukizuia kitufe. La tatu ni mteja anayehamia dirisha jingine kwa kibodi huku mshale ukiwa umetulia pale pale. Kwa ajili yake, sikiliza tukio la `blur` la dirisha na tukio la `visibilitychange` la ukurasa, na yote mawili yaelekeze kwenye `simama`.

Msimbo ukishatengemaa, utaona kwamba picha husogea kwa mishtuko midogo. Sababu ni kwamba `setInterval` haifuati mwendo wa skrini: skrini nyingi huchora picha mara 60 kwa sekunde, nawe unasogeza mara 25. Tena, milisekunde 40 ulizoomba si ahadi, kwani kivinjari kikiwa na kazi nyingine kipima muda husubiri zamu yake. Kwa mwendo laini tumia `requestAnimationFrame`, ambayo huita funksheni yako kabla tu ya skrini kuchorwa, na huipa saa ya wakati huo kwa milisekunde. Itumie saa hiyo. Kokotoa muda uliopita tangu hatua iliyotangulia, uzidishe kwa kasi unayotaka, kwa mfano pikseli 100 kwa sekunde, ndipo usogeze. Ukisogeza idadi ile ile ya pikseli katika kila mchoro bila kuangalia saa, mteja mwenye skrini ya kuchora mara 120 kwa sekunde ataona vitenge vikikimbia mara mbili ya vile unavyoviona wewe. Hifadhi pia mahali ulipofika katika jina lako mwenyewe, ili desimali zisipotee kwa kukadiriwa ndani ya `scrollLeft`. Kuzima kwake ni kwa `cancelAnimationFrame`, na namba inayotumika lazima iwe ya ombi la mwisho kabisa, kwa kuwa kila mchoro huleta namba mpya.

Nimeiacha simu hadi hapa ingawa kwangu ndiyo yenye uzito zaidi, kwa sababu ni wazi kwamba wateja wengi wa duka la Kariakoo wataufungua ukurasa huo kwa simu ya mkononi, wakiwa ndani ya daladala au kibarazani, na wala si mbele ya kompyuta. Kioo cha simu hakijui kidole kinachoelea juu ya kitufe. Mtu anapogusa, kivinjari huigiza matukio ya kipanya ili kurasa za zamani zisishindwe kufanya kazi: huigiza kuingia, kubonyeza, kuachia na kubofya, lakini kuondoka hakuigizi mpaka mtu aguse mahali pengine. Ndiyo maana mguso mmoja uliziachia picha zako zikaenda bila kukoma.

Dawa yake ni fupi kuliko wengi wanavyodhani. Badilisha `mouseenter` iwe `pointerenter` na `mouseleave` iwe `pointerleave`. Matukio haya hushughulikia kipanya, kalamu na kidole kwa pamoja. Kwa kipanya yatafanya kazi vile vile kama mwanzo. Kwa kidole, `pointerenter` hutokea kidole kinapogusa kitufe na `pointerleave` hutokea kinapoinuliwa, kwa hiyo mteja atakishikilia kitufe na picha zitasogea mpaka atakapokiachia. Ongeza `touch-action: none` kwenye CSS ya kitufe hicho peke yake, ili kivinjari kisidhani kwamba mtu anataka kuuvuta ukurasa mzima, na uzuie tukio la `contextmenu` ili kushikilia kwa muda mrefu kusifungue menyu.

Hata hivyo, kama ukanda wenyewe una `overflow-x: auto`, mtu wa simu anaweza kuzivuta picha moja kwa moja kwa kidole, kwa kasi yake, akasimama kwenye kitenge alichokipenda. Hiyo ni njia bora kuliko kitufe chochote. Kwa kutumia sharti la CSS la `@media (hover: hover)` unaweza kukionyesha kitufe kwa wenye kipanya tu. Ningemshawishi mwenye duka aione tofauti hiyo kwa kumpa simu mkononi kabla hujaendelea kuiboresha kazi ya kompyuta. Na kwa wanaotumia kibodi peke yake, kitufe kiwe `button` halisi kinachosikiliza pia tukio la `click`, ili kubonyeza Enter kusogeze picha hatua moja kubwa.

Swali la pili

Mwalimu, mimi nasoma mwenyewe ubunifu wa kurasa za wavuti. Nataka kitufe kipwite, yaani kikue na kupungua tena na tena, mshale unapokuwa juu yake. Je, ni lazima nijifunze JavaScript kwanza?

Msomaji wa Kijitonyama, Dar es Salaam

Jibu

Si lazima, na hata ukiijua usiitumie kwa jambo hili. Pale kitendo kinachojirudia kinapokuwa ni cha sura tu, CSS inatosha: tengeneza mwendo kwa `@keyframes`, kisha katika kanuni ya `:hover` ya kitufe uupe mwendo huo muda wa sekunde moja na neno `infinite`. Kivinjari chenyewe kitauanzisha na kuukomesha. Mwendo ukikatika ghafla mshale unapotoka, weka mwendo huo kwenye kitufe tangu mwanzo ukiwa na `animation-play-state: paused`, na katika `:hover` uubadilishe uwe `running`, kitufe kitatulia pale kilipofika na kuendelea kutoka hapo.

Kuna watu ambao miendo ya skrini huwaletea kizunguzungu, na simu na kompyuta zao huwa wamezipanga zipunguze miendo. Heshimu chaguo lao kwa kuizima kanuni hiyo ndani ya `@media (prefers-reduced-motion: reduce)`. Na kama badala ya kupwita unafikiria kumweka kwa mwanga, miongozo ya W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, ya kuwawezesha watu wenye ulemavu kutumia wavuti inakataza kitu kumweka zaidi ya mara tatu kwa sekunde moja, kwa sababu mimweko ya namna hiyo inaweza kumletea kifafa mtu aliye na hali hiyo.

Swali la tatu

Ndugu Mwalimu, salaam. Tuna ukurasa wa kukatia tiketi za mabasi yanayoondoka Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Abiria akiweka mshale juu ya jina la basi, kisanduku kidogo humwonyesha viti vilivyobaki, na tunaiuliza seva kila sekunde moja ili idadi iwe mpya. Kuwasha na kuzima tumekuandika vizuri. Lakini mtandao ukiwa mzito idadi huruka mbele na nyuma, na wakati mwingine kisanduku cha basi moja huonyesha viti vya basi jingine. Tufanye nini?

Msomaji wa Mbezi, Dar es Salaam

Jibu

Tatizo lenu linatokana na kuipa saa mamlaka ambayo haistahili. `setInterval` hutuma ombi kila sekunde, liwe limejibiwa au halijajibiwa. Jibu likichukua sekunde tatu kufika, maombi matatu yako njiani kwa wakati mmoja, na hakuna kanuni inayoyalazimisha yarudi kwa mpangilio yalivyotumwa. Lile la zamani likifika mwisho, idadi inarudi nyuma. Abiria anayekatia tiketi kwa idadi ya namna hiyo anaweza kukosa safari ya msiba au ya mtihani, kwa hiyo nawasihi mlione kama kosa la huduma na si dosari ndogo ya ukurasa.

Acheni `setInterval` na mtumie `setTimeout`, ambayo huhesabu muda mara moja tu, moja moja: tumeni ombi, subirini jibu, lionyesheni, ndipo mpange ombi linalofuata baada ya muda fulani. Hapo hakutakuwa na maombi mawili ya kisanduku kimoja kwa wakati mmoja, na mtandao ukiwa mzito maombi yatapungua yenyewe. Muda wa sekunde moja nao ni mfupi mno kwa viti vya basi. Sekunde tano zinatosha, na zinaokoa bando la abiria na nguvu ya seva yenu. Ombi la kwanza pia lisitumwe papo hapo. Mtu anayetaka basi la mwisho kwenye orodha hupitisha mshale juu ya mabasi yote yaliyotangulia, na kila jina lingetuma ombi lisilo na kazi. Ngojeni kama milisekunde 300. Mshale ukiwa umeshaondoka, futeni kipima muda na msiulize chochote.

Kuzima kwa mpangilio huu kunahitaji uangalifu zaidi. Mshale unaweza kutoka katikati, ombi likiwa limetumwa na jibu halijarudi. Wakati huo hakuna kipima muda kinachosubiri, kwa hiyo `clearTimeout` haina cha kufuta. Jibu likifika, msimbo utaandika idadi kwenye kisanduku ambacho sasa ni cha basi jingine, kisha utapanga ombi jipya, na mzunguko utaendelea bila mshale kuwapo. Hiyo ndiyo sababu ya viti vya basi moja kuonekana kwenye basi jingine. Mshale unapoingia, tengenezeni `AbortController` mpya, yaani kidhibiti cha kukatiza ombi, na muipe `fetch`, funksheni inayotuma ombi kwa seva, alama yake ya `signal`. Unapotoka, futeni kipima muda na pia muite `abort`. Ombi lililo njiani litakatizwa, na `fetch` itarudisha hitilafu iitwayo `AbortError`, ambayo mnapaswa kuitambua na kuinyamazia, kwa kuwa si hitilafu ya mtandao bali ni agizo lenu wenyewe. Hitilafu nyingine yoyote mwonyesheni abiria kwa maneno ya kawaida, na msiache idadi ya zamani ikiendelea kuonekana kana kwamba ni mpya.

Ili kuhakikisha, fungueni zana za wasanidi zilizomo ndani ya kivinjari, sehemu ya mtandao, mpunguze kasi kwa makusudi hadi ifanane na mtandao hafifu, kisha mpitishe mshale juu ya orodha nzima kwa haraka na kuuacha juu ya basi moja. Mnapaswa kuona maombi ya basi hilo moja tu, yakifuatana bila kupishana, na ombi lililokuwa njiani likionekana limekatizwa mara tu mshale unapotoka.